Nusu ya Pili ya Kisa cha Mkanda

Juba, Jumapili jioni

Kiden,

Sianzi kwa kukuuliza hali, maana jibu lako nalijua. Utasema "tamam, baba", yaani salama tu, utacheka kidogo, utaniuliza na mimi, nami nitasema tamam, na hapo tutakuwa tumemalizana bila yeyote kumwambia mwenzake kitu. Hivyo ndivyo tunavyosalimiana watu wa Juba, kuanzia hapa Hai Cinema mpaka sokoni Custom, na sina ugomvi na salamu. Ugomvi wangu ni na mimi mwenyewe, kwa kuwa nimeishi miaka mingi nikijibu kila swali kana kwamba ni salamu. Na Ijumaa, tukiwa mezani, nilikusikia nawe ukijiandaa kufanya vivyo hivyo.

Mama yako yuko chumbani anafunga mizigo yako. Amenifukuza, eti nakunja nguo kama ninayekunja turubai la lori. Basi habari za soksi, dawa za malaria, shangazi yako wa Kampala na wapi ufiche pesa safarini, hizo atakuambia yeye, na atazirudia mpaka basi liwashwe. Mimi nimekaa huku nje na kalamu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tukiongea wewe na mimi tangu tulipoishi kule Nakuru, tukitaka bibi yako asijue kama tunamsema. Na naandika badala ya kusema kwa sababu jambo hili nikilianza kwa mdomo utanichekesha, nitaliacha katikati, kama nilivyoliacha mara zote.

Unakumbuka Ijumaa ilivyokuwa. Ulitusomea ile barua ya watakaokufundisha kazi ya umeme kule bwawani Uganda. Wamesema wiki za mwanzo mtakaa mbele ya mitambo ya mazoezi, wawashe ving'ora vyote kwa pamoja, na mkiwa mnahangaika navyo mtakuwa mmefungwa mkanda kifuani wa kusikiliza mapigo ya moyo. Kila baada ya muda mtabonyeza namba, kuonyesha kichwa kimelemewa kiasi gani. Ukapiga meza. "Mimi nitafanya kama baba! Moja, moja, moja, mpaka wachoke wenyewe! Na mkanda juu ya fulana!" Mama yako alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka. Lakini chakula kilichobaki kwenye sahani sikukigusa tena.

Kisa hicho nilikupa mimi. Nimekisimulia kwenye harusi, nimekisimulia matangani watu wakihitaji kucheka, na wewe umekisikia tangu ukiwa msichana mdogo hadi sasa unakisimulia kunishinda mimi. Kumbe siku zote nimekuwa nikikikata katikati. Acha niandike nusu ya kwanza kama ilivyokuwa, bila chumvi, halafu nikupe ya pili.

Chumba chetu cha redio pale ofisini Amarat kilikuwa na viti viwili, changu na cha anko Okello wako. Kazi unaijua: magari ya shirika yako barabarani, kila gari linatuita likifika mahali fulani, nasi tunasogeza alama yake ubaoni. Gari likisikia jambo baya mbele, linatuambia, nasi tunayaambia yaliyo nyuma. Tulikuwa na utaratibu wetu ambao hakuna aliyetufundisha. Mmoja anasikiliza, mwingine anapeleka. Anayesikiliza akishapokea neno, analitamka kwa sauti hapo chumbani, na mwenzake analirudia kabla ya kushika kipaza sauti na kuyaita magari ya nyuma. Okello alikuwa akirudia kila kitu, hata nikipiga chafya. Ilikuwa ikiniudhi sana.

Ndipo akaja yule Mkenya, Mwende, mtaalamu wa kupima uzito wa kazi katika kichwa cha mtu anayekaa kwenye mitambo. Siku ya kwanza alituambia wazi kwamba uongozi unataka kujua kila zamu inahitaji watu wangapi. Akatugawia mikanda ya kifuani, na viboksi vyenye vitufe vitano. Kiboksi kikilia, unabonyeza: moja ni kazi nyepesi, tano ni kwamba umelemewa.

Okello alimsikiliza kwa adabu zote. Tulipotoka kwenda kunywa chai kwa yule mama wa pale kona, akaniinamia.

"Taban, hawa watu iko natafuta nani ya kufukuza."

"Amesema anataka kujua idadi ya watu."

"Wewe iko mtoto? Leo unabonyeza tano, kesho wanasema Taban kichwa yake iko mbovu, kwenda nyumbani. Mimi nabonyeza moja. Kila siku moja. Sisi iko wanaume, bwana."

Nikaona ana akili. Bibi yako aliniita Taban, yaani aliyechoka, kwa shida alizopitia akiwa na mimba yangu, na mtu mwenye jina hilo ana kiburi cha pekee cha kuonyesha kwamba hachoki. Tukabonyeza moja. Magari yakikwama kwenye tope, moja. Madereva wakigombana hewani, moja. Mkanda ulitakiwa uloweshwe kidogo na uguse ngozi, nasi tukauvaa juu ya fulana, kwa hiyo kompyuta ya Mwende ikawa inaona moyo wangu unapiga, unakatika, unarudi. Kwa hesabu za mashine ile nilikuwa nakufa kila siku kabla ya chakula cha mchana, na bado nabonyeza moja.

Hapo ndipo watu huanguka kwa kicheko, nami huomba chai nyingine. Sasa soma yaliyofuata.

Kuna alasiri moja joto lilikuwa kali, jasho likapenya fulana, na mkanda ukaanza kusoma vizuri bila mimi kujua. Mwende alikuja baadaye na kompyuta yake. Mstari wa moyo wangu ulikuwa umepanda ukakaa juu karibu saa nzima. Naye, kwa vile alikuwa akihesabu simu na miito yote ya redio iliyoingia, alishangaa, maana saa hiyo hakuna gari lililoita.

"Baba Kiden, hapa kulikuwa na nini? Si kulikuwa kimya?"

Kulikuwa kimya, ndiyo. Gari moja lilikuwa limepitisha muda wake wa kuita na mimi niliita bila kujibiwa, nikaita, nikaita. Wakati redio inapiga kelele mimi ni mtu wa furaha, kwa sababu dereva anayelalamika ni dereva aliye hai. Kinachonimaliza ni kimya. Hilo ndilo alilotaka kusikia Mwende, ndilo lililomtoa kwao, na nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwambia, "Nilikuwa nakunywa chai ya moto."

Siku ya kuondoka akanirudia. Alikuwa amesimama mlangoni, begi begani.

"Hizi moja-moja zote ni za ukweli?"

"Tamam."

"Sikusalimii, Baba Kiden. Nakuuliza kazi."

"Kazi iko tamam, daktari."

Akaniangalia. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Sawa. Lakini mimi siwezi andika kitu hamjaniambia."

Nilijiona nimeshinda. Nilimpigia Okello jicho, naye akanipigia la kwake. Muda si mrefu meneja akatuita, akatusomea kwa furaha kwamba mzigo wetu ni mwepesi sana na kwamba mtu mmoja kila zamu anatosha. Okello hakufukuzwa. Alipewa kazi ya kusafiri na magari, akae na redio kando ya dereva. Kiti chake kilibaki pale pale, maana hakuna aliyekuja kukichukua, nikawa naweka koti langu juu yake.

Ni wakati huo nilipobadilika nyumbani, na nafikiri wewe ulidhani ni kwa sababu yako. Ile simu yako uliyokuwa ukisikilizia nyimbo za kwaya, nilikupokonya nikaitupa juu ya kabati. Ulilia, ukamwambia mama yako kwamba baba hapendi niimbe. Kiden, napenda unavyoimba. Ni kwamba spika yake ilikuwa mbovu, ilikuwa na ule mkwaruzo wa redio kabla mtu hajasema, na kila nilipousikia mwili wangu wote ulisimama kungoja jina la gari. Nilikuwa nikisoma mstari mmoja wa gazeti mara nyingi bila kujua nimesoma nini. Nilikuwa nikifika getini nakaa nje, nikimlipa mtu wa boda akae tu nami bila kuniongelesha. Mama yako aliuliza. Unajua nilimjibu nini.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mchana wa kawaida kabisa. Magari mawili yalikuwa barabara ya Torit, moja mbele na moja nyuma yake kwa umbali. La mbele lilikuwa na dereva anaitwa Wani. Katika la nyuma alikuwemo Okello. Upande mwingine wa mji gari la tatu lilikuwa limebeba mama mwenye uchungu wa kuzaa na limekwama mtoni, na muuguzi aliyekuwa ndani alikuwa akinipigia kelele kwenye simu. Redio ikaita. Wani akasema kwamba pale kwenye kalavati ameona watu wenye bunduki wamejificha kwenye majani, yeye amepita kwa kasi, tuliambie gari la nyuma lisimame.

Nikamjibu, "Nimepokea." Na nilikuwa nimepokea, nilielewa kila neno. Nikafanya kama nilivyofanya miaka yote: nikageuza kichwa na kulitamka kwa sauti. "Watu wa bunduki kwenye kalavati, gari la nyuma lisimame." Nikaliambia koti langu. Kisha nikarudi kwa muuguzi, moyo umetulia, kwa sababu neno nilikuwa nimeshalitamka, na kwa miaka yote neno likishatamkwa mle chumbani lilikuwa limeshafika.

Sikusahau, mwanangu. Watu wakisikia husema ah, alisahau, inatokea. Ungeniuliza wakati ule ningeapa kwamba gari la nyuma limesimama. Kichwa kikilemewa hakikuambii kwamba kimeacha kitu chini. Kinakuambia kila kitu kiko tamam, na ndiyo maana naogopa neno hilo.

Nililishtukia kosa langu nilipomsikia Okello mwenyewe. "Juba, Juba, hapa Okello. Tumefika kalavati, sasa iko—" Nikaruka kwenye kipaza sauti nikamwita kwa jina, si kwa namba ya gari. Nikaita tena. Hakuna. Muuguzi bado alikuwa kwenye simu ananiuliza afanye nini, nami nikamjibu, nikamweleza namna ya kumgeuza yule mama, kwa sauti tulivu kabisa, huku mkono mwingine umebonyeza redio. Yule mama alijifungua salama, nashukuru Mungu. Redio yenyewe ilinyamaza kwa muda ambao sitajaribu kukueleza. Jasho lilikuwa likinidondoka kwenye meza nami nikilifuta kwa kiganja, nalifuta, kana kwamba hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Mwishowe ikaja sauti ya dereva, siyo ya Okello, ikasema wamepigwa, wamevuka, Okello anavuja damu pajani.

Wewe ulimwona hospitalini, ulimpelekea machungwa. Uliambiwa barabara ilikuwa mbaya, na ilikuwa mbaya kweli. Ulichokuwa hujui ni kwamba kabla hujaingia nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake na nimemwambia yote, hata koti. Nilitaka anitukane.

"Taban," akasema, "ile mashine sisi nilidanganya. Lakini kiti yangu nani nalitoa? Si mimi na wewe?"

"Mimi ndiye niliyekuwa kwenye redio."

"Na mimi ndio nilikuambia bonyeza moja."

Akanishika mkono, tukalia wote wawili, wanaume wazima, na hapo ndipo ulipoingia na machungwa yako na sisi tukakuambia tunacheka. Sasa anatembea kwa fimbo kule kwao Gulu. Mguu haukurudi kama zamani.

Kuna kitu kingine kinachoniuma hata sasa. Baada ya hayo ofisi ilisikiliza kanda ya redio, na licha ya onyo nisilolifikisha, wakubwa wakanisifu. Walisema sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Meneja alinipa mkono mbele ya watu. Nilimfuata ofisini kwake nikamwambia kwamba zile moja zote zilikuwa uongo, na kwamba mkanda tuliuvaa juu ya fulana. Akakuna kichwa. "Lakini Taban, mlisema wenyewe." Kweli, tulisema wenyewe. Nafasi ya mtu wa pili ilirudishwa mwezi uliofuata, na kijana anayekalia kile kiti namkaripia kila siku arudie, arudie kwa sauti, naye ananiona mzee msumbufu. Sijali.

Kwa hiyo watakapokufunga mkanda wao, sikuambii ubonyeze tano ili wakuhurumie. Wewe ni hodari, na siku nyingine kazi itakuwa nyepesi kweli, na utabonyeza moja kwa haki. Nakuomba tu usiwajibu kama unavyojibu jirani. Yule anayeuliza anaweza kuwa mtu mbaya anayetafuta wa kumfukuza, mimi sijui, hao wapo. Anaweza kuwa Mwende. Mimi nilimfanyia Mwende kana kwamba ni adui, na sijapata tena nafasi ya kumwambia kwamba siku ile ya kimya chai yangu ilikuwa imepoa mezani bila kuguswa. Ukifukuzwa kwa kusema kweli, rudi. Nitakupokea Custom mwenyewe na nitabeba begi lako kichwani watu wakinitazama.

Na sasa nije kwa wewe na mimi, maana hayo ya bwawa bado yako mbali. Wiki hii nimekuona umepiga pasi blauzi ile ile jana na leo. Usiku nasikia kitanda chako kikilia. Mama yako alipokuuliza kama unalala, ulimwambia unalala kama mtoto. Na jana tulipokuwa Custom kununua begi, nilikuuliza unaogopa, ukasema, "Mimi? Aa, baba, niko tamam," ukaanza kubishana bei na yule muuzaji Mganda kwa nguvu kuliko begi lenyewe lilivyostahili. Nilikutambua. Ilikuwa kama kunisikia mimi nikimjibu Mwende pale mlangoni.

Kesho nitakuuliza tena, kabla hujapanda. Nitakuvuta pembeni, mama yako asisikie, na nitauliza kwa Kiswahili. Ukiniambia hutaki kwenda, tutashusha mizigo na kurudi nyumbani, na watakaouliza nitawajibu mimi. Ukiniambia unaogopa lakini unaenda, nitakushika mkono mpaka mlangoni. Nitakubali jibu lolote isipokuwa lile moja.

Na kwa kuwa sina haki ya kukudai kitu ambacho sijawahi kukupa, naanza mimi. Naogopa, Kiden. Naogopa barabara ya Nimule utakayopita, kwa sababu kesho nitakuwa zamuni, nitajua habari za kila gari la ofisi, na basi lako halina redio ya kuniita. Naogopa nyumba hii bila sauti yako. Na kuliko hayo yote, naogopa kwamba siku kichwa kitakapokulemea, utacheka, na wote watakuamini.

Baba yako,
Taban